Likizo hii, mwache mtoto achore barabara

Mtoto wa darasa la nne anayepanda basi asubuhi katika stendi ya Igumbilo, Iringa, na kushuka Tukuyu jioni, amepita ndani ya siku moja sehemu ambazo kitabu chake cha Jiografia huzigawa katika sura kadhaa. Ameacha nyuma vilima vya mawe makubwa na udongo mwekundu. Amepita katikati ya mipaina na milingoti ya Mafinga na Sao Hill. Kuanzia Igawa ameingia kwenye joto la tambarare ya Usangu penye majaruba ya mpunga, kisha basi limepandisha tena hadi Uyole kwenye baridi na viazi, likakata kuelekea Rungwe kwenye migomba, chai na maparachichi. Njiani ameona foleni ya malori kwenye mizani ya Makambako na wachuuzi wanaoinua mabeseni hadi usawa wa dirisha. Shule zikifunguliwa Januari, mwalimu akimwuliza likizo ilikuwaje, jibu huwa fupi: "Tulienda kwa bibi, tukarudi." Mtoto huyo ana macho na ana kumbukumbu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba safari ile inastahili kuwekwa kwenye karatasi.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuieleza, ingawa ina wapinzani wengi kuliko inavyodhaniwa. Kila mtoto kuanzia miaka 5 hivi aliyesafiri na familia wakati wa likizo apewe karatasi ndefu, achore njia aliyopita kuanzia mlangoni kwao hadi alikofikia, kwa kumbukumbu yake mwenyewe, na mtu mzima mmoja akae pembeni kuuliza na kusikiliza. Kazi hiyo isichukuliwe kuwa njia ya kumnyamazisha mtoto wakati wakubwa wanapika pilau la sikukuu. Ni somo kamili, na kwa bei yake hakuna somo la likizo linaloifikia, kwa sababu vifaa vyake vikuu, yaani nauli, barabara na ndugu wanaotembelewa, familia imekwisha kuvigharamia.

Michoro ya likizo haijakosekana kabisa majumbani. Mijini, mzazi mwenye simu hupakua kurasa zilizochorwa tayari, akazichapisha stashenari, na mtoto akapewa rangi azijaze. Nyingi ya kurasa hizo zimetengenezwa mbali: familia ya watu wanne imepanga masanduku mbele ya ndege, nyumba imefunikwa na theluji, ufukwe una mwavuli mmoja na ndoo ya mchanga. Mtoto wa Mwanjelwa, Mbeya, akimaliza kuzijaza amejifunza kutovuka mstari, ujuzi wenye faida kwa mkono unaojifunza kuandika. Lakini safari iliyomo kwenye karatasi ni ya mtu mwingine. Basi lililombeba, ndoo aliyokalia kaka yake kwenye ujia wa katikati, kuku aliyefungwa miguu chini ya siti na bibi aliyewapokea kwa kanga mabegani, vyote havimo.

Mtoto akiachwa achore mwenyewe, karatasi hubadilika. Mfaransa Georges-Henri Luquet, aliyechunguza michoro ya watoto mwanzoni mwa karne ya 20 na kuchapisha kitabu chake maarufu mwaka 1927, aliona kwamba mtoto mdogo huchora anachokijua kuliko anachokiona. Ndiyo maana basi la mtoto wa miaka 6 huwa na magurudumu yote yaliyopangwa upande mmoja, ubavu wake unaonyesha ndani, na abiria wanaonekana kuanzia utosini hadi miguuni pamoja na mizigo iliyoko kwenye buti. Mtu mzima huona makosa. Anayeutazama mchoro kwa utulivu huona orodha ya mambo ambayo mtoto ameyatambua: nani alikaa na nani, nani alisimama, dereva yuko peke yake, gunia la mchele liko chini kwenye buti. Ukurasa wa kujaza rangi hauwezi kutoa orodha hiyo, hata ujazwe kwa ustadi gani.

Mkono unapolazimika kuamua

Ushahidi kwamba kuchora humsaidia mtoto kukumbuka alikokwenda haukukusanywa Mbeya wala Iringa, lakini unahusu jambo lile lile. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka 5 na 6 waliopelekwa kutembelea kituo cha zimamoto. Baadaye baadhi yao waliombwa kusimulia tu, wengine kuchora huku wakisimulia. Waliochora walieleza mambo mengi zaidi walipoulizwa maswali ya moja kwa moja, na makosa yao hayakuongezeka kwa sababu ya kuchora. Kwa watoto wa miaka 3 na 4 faida hiyo haikujitokeza, na hii ndiyo sababu ya kuanza na umri wa miaka 5. Mwaka 1998 wawili kati ya watafiti hao, Julien Gross na Harlene Hayne, waliwahoji watoto wa miaka 3 hadi 6 kuhusu matukio yaliyowagusa moyoni, ya furaha na ya huzuni. Waliopewa nafasi ya kuchora wakati wa kusimulia walitoa taarifa karibu mara mbili ya wenzao waliosimulia bila kuchora. Maana yake ni kwamba pale tukio linapomgusa mtoto, hata mdogo zaidi ananufaika.

Kwa watu wazima matokeo yanaelekea huko huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha mwaka 2016 kwamba wanafunzi waliochora vitu walivyotajiwa walivikumbuka kuliko wenzao walioandika majina ya vitu hivyo, hata pale walipopewa sekunde chache tu za kuchora, na umahiri wa kuchora haukuwa kigezo. Jaribio lile lilihusu maneno ya kawaida, halikuhusu safari, kwa hiyo tusilibebeshe zaidi ya uwezo wake. Linachothibitisha ni kwamba faida haitokani na uzuri wa picha. Inatokana na kazi ambayo akili inalazimika kuifanya kabla mkono haujasogea.

Kazi hiyo ni ya kuamua. Katika insha mtoto anaweza kuandika kwamba walipita milima mingi na mito mizuri, akapata alama zake, na sentensi ile ile ikafaa safari ya Iringa, ya Lushoto au ya Kigoma. Kwenye karatasi ndefu hakuna pa kujificha. Daraja lazima likae mahali fulani: ni kabla ya Mafinga au baada yake? Msitu uliishia wapi? Makambako, njia ya kwenda Njombe na Songea ilichepukia upande gani? Basi lilisimama wapi watu wakashuka kuchimba dawa, na mahali hapo palikuwa na miti au palikuwa peupe? Kila mstari ni jibu, na kila jibu linaweza kuhojiwa na ndugu yake aliyekaa dirisha la pili. Watoto wawili waliosafiri basi moja wakibishana kama Rujewa inakuja kabla ya Chimala, ubishi wao ndio usomaji wa ramani ambao vitabu huufundisha kwa jasho.

Mito miwili, karatasi moja

Barabara ya kutoka Iringa hadi Mbeya, kipande cha ile ya kwenda Zambia tunayoiita Tanzam, ina zaidi ya kilomita 300 na imejaa mambo ambayo mtoto huyaona moja moja bila kuyaunganisha. Tuchukue mito. Pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, unapita Ruaha Mdogo. Mbali sana mbele, Igawa, barabara inavuka mto Mbarali. Kwenye mchoro mito hiyo hutokea kama mistari miwili ya bluu inayoikata njia, mmoja mwanzoni na mwingine katikati, na mtoto hana sababu ya kudhani kwamba inahusiana. Hapo ndipo mtu mzima anapopata kazi yake. Swali moja tu, "Maji haya yanakwenda wapi?", linatosha kuirefusha mistari hiyo hadi ukingoni mwa karatasi. Mbarali huingia Ruaha Mkuu katika bonde la Usangu. Ruaha Mkuu hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na Ruaha Mdogo nao huingia Ruaha Mkuu kabla ya bwawa la Mtera. Kutoka Mtera maji huteremka hadi Kidatu, huingia Rufiji, na huko hukutana na bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115.

Mtoto aliyechora madaraja mawili sasa anajua kwamba taa ya sebuleni kwao ina uhusiano na maji aliyoyaona dirishani. Anaweza kuelewa pia kwa nini watu wazima wanabishana juu ya bonde la Usangu, ambako mpunga, mifugo, hifadhi na umeme vyote vinategemea maji yale yale, na kwa nini tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Mwalimu anaweza kuyaeleza haya darasani kwa ubao na chaki, na wengi huyaeleza vizuri. Tofauti ni kwamba mtoto mwenye mchoro anayapokea kama maelezo ya kitu chake, kitu alichokipita na kukiweka mwenyewe kwenye karatasi, na swali limetangulia jibu.

Biashara ya dirishani nayo ni somo la udongo na mvua. Anayetokea Dar es Salaam hupita Ruaha Mbuyuni penye mibuyu na vitunguu, akapandisha Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa, akakuta nyanya za Ilula. Mafinga kuna mbao. Chimala na Igurusi mchele. Uyole viazi. Tukuyu ndizi na maparachichi. Mtoto akichora kila kituo pamoja na kilichouzwa hapo, mistari michache chini ya barabara inamwonyesha kwamba bidhaa hubadilika kadiri nchi inavyopanda na kushuka. Akichora lori lililobeba nguzo za umeme kutoka Mufindi, kisha akachora nguzo zilizosimama kwenye tambarare ya Usangu, ameshauliza nusu ya swali la uchumi wa mikoa hii kabla hajafika sekondari.

Pale mtoto aliposinzia

Kuna sehemu ya mchoro ambayo pengine ina thamani kuliko zote, nayo ni ile isiyochorwa. Mwaka 2023 mabasi ya abiria yaliruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990. Kwa mfanyabiashara na mgonjwa anayewahi hospitali, ruhusa hiyo ni nafuu kubwa. Kwa mtoto maana yake ni kwamba anaweza kulala Dar es Salaam na kuamkia Uyole, mkoa mzima wa Iringa ukiwa umempita akiwa usingizini. Hata mchana, joto la Usangu na mngurumo wa injini huwalaza wengi. Kanuni ya kazi hii iwe kwamba pale mtoto alipolala paachwe peupe, kwa urefu unaokadiria muda aliolala. Asinakili kutoka kwenye simu ya baba, wala asibuni twiga ambao hakuwaona. Nafasi nyeupe inamfundisha kitu ambacho elimu yetu huchelewa kukifundisha: kutenganisha alichokiona na anachokidhani. Safari ya kurudi sasa ina lengo. Mtoto ana deni la kuijaza.

Nafasi hiyo inaweza kujazwa pia na wengine. Karatasi ikifunguliwa mbele ya bibi na babu, nao huanza kuchora kwa maneno, na wakipewa penseli huchora kweli. Mzee wa Makambako au Mbeya aliyekuwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1970 anakumbuka ujenzi wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Anakumbuka ni kijiji gani kilikuwa na kambi, na ni wapi watu walikwenda kwa miguu kabla ya reli kufika. Mahandaki mengi ya reli hiyo yako kati ya Mlimba na Makambako, na mtoto aliyepita humo kwa treni akajikuta gizani mchana ana kitu cha kumwuliza babu. Chini ya barabara ya mtoto ikichorwa njia ya babu, na juu yake njia ya mama alipokuwa akienda shule ya bweni, karatasi moja imebeba vizazi vitatu, historia ambayo familia nyingi huitafuta baada ya mwenye kuijua kuzikwa.

Wanaopinga wanasema nini

Pingamizi la kwanza ni la mitihani. Mzazi anayelipia twisheni mwezi Desemba atauliza kama michoro itamwongezea mtoto alama. Swali hilo ni halali, kwa kuwa mtihani ndio unaoamua mtoto aende wapi. Lakini mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, una masomo ya Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, pamoja na Sanaa na Michezo katika shule za msingi, na mchoro wa safari unayagusa yote matatu kwa mkupuo. Mbele zaidi, usomaji wa ramani ni sehemu ya mtihani wa Jiografia wa kidato cha nne. Mtoto aliyezoea tangu utotoni kwamba umbali mkubwa unaweza kukaa kwenye karatasi ndogo, na kwamba mpangilio wa vitu juu yake una maana, hatakutana na wazo hilo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 16. Zaidi ya hapo, kazi hii haiinyang'anyi twisheni muda wake. Alasiri mbili au tatu zinatosha.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye simu: kwa nini mtoto ahangaike na penseli wakati picha 200 za safari ziko kwenye simu ya mama? Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha utafiti uliofanyika katika jumba la makumbusho. Washiriki waliopiga picha vitu vizima walivikumbuka vibaya kuliko vile walivyovitazama tu. Walipovuta kamera karibu na sehemu moja ya kitu, yaani walipolazimika kuchagua, upungufu huo haukuonekana. Simu haina ubaya. Ubaya ni kuiachia ikumbuke kwa niaba yetu. Picha zitumike mwishoni, mtoto akishamaliza kuchora, kwa kulinganisha: hapa niliweka daraja kabla ya kijiji, kumbe lilikuwa baada yake.

Pingamizi la tatu ni la umaskini wa vifaa, na hili linastahili jibu la vitendo. Karatasi ndefu hupatikana kwa kuunganisha migongo ya kalenda za mwaka uliopita, au karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji iliyokung'utwa vizuri. Penseli moja na kipande cha mkaa vinatosha kwa mistari. Rangi zimo barabarani. Familia inaposimama, mtoto achote kiganja cha udongo: mwekundu wa Iringa, mweusi wa mbuga za Usangu, na ule wa Rungwe uliotokana na volkano, kila mmoja kwenye mfuko wake. Nyumbani udongo unatwangwa, unachekechwa kwa kitambaa chepesi, kisha unakorogwa na uji mwepesi uliopoa hadi ushike kidole bila kuchuruzika. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki wa mti. Barabara iliyopakwa hivyo hubadilika rangi pale hasa nchi inapobadilika, jambo ambalo boksi la krayoni la bei ghali haliwezi kulifanya.

Wala rangi hiyo si ya kuonewa haya. Katika mwamba wa Igeleke, pembezoni mwa mji wa Iringa, kuna michoro ya kale yenye wekundu wa aina hiyo, unaotokana na madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo na mawe, na imedumu kuliko ukuta wowote uliopakwa rangi ya dukani mjini hapo. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini aliyehamia Dar es Salaam, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vipande vya hadibodi za ujenzi na rangi za mafuta za kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake leo unabeba jina la Tanzania duniani. Hakusubiri vifaa rasmi vya sanaa, na hakuna sababu ya mtoto wa Mbalizi kuvisubiri.

Pingamizi la nne ni zito zaidi. Watoto wengi wa Mbeya na Iringa hawasafiri likizo. Wanabaki kulima, kuchunga na kulea wadogo zao, na kazi ya shule inayodhani kila familia ina nauli itawaaibisha mbele ya wenzao. Jibu ni kwamba safari isipimwe kwa kilomita. Njia ya kutoka nyumbani hadi shambani, hadi mnadani au hadi kisimani ina mito, ina mipaka, ina watu na ina hatari zake. Mtoto wa kijijini anayepokea wageni kutoka mjini achore ujio wao: walishukia wapi, walibeba nini, nani alitangulia kuwaona. Tena ukaribu hauondoi ukubwa. Korongo la Isimila liko kilomita kama 20 tu kutoka Iringa mjini, kando kidogo ya barabara ya Mbeya. Zana za mawe za korongo lile zilianza kujulikana kwa wataalamu mwaka 1951 kupitia msafiri aliyepita na kuziokota, na uchimbaji wa kisayansi ukafuata mwaka 1957 na 1958. Wenyeji waliishi jirani na mawe hayo miaka yote. Mtoto anayefundishwa kuichora njia ya shamba la kwao anafundishwa kutoisubiri miguu ya mgeni ndipo aone kilichoko mlangoni pake.

Liko pingamizi la tano ambalo halisemwi kwa sauti. Safari nyingine za familia hazina furaha. Basi la Desemba hubeba waliokwenda kuzika. Mikoa ya Njombe na Iringa imekuwa juu kitaifa kwa maambukizi ya VVU, na watoto wengi wa mikoa hii wamelelewa na bibi zao baada ya wazazi kufariki. Wapo pia mabinti wanaoondoka kijijini wakiwa wadogo kwenda kufanya kazi za ndani katika miji mikubwa, na safari yao si likizo hata kidogo. Je, ni haki kumwambia mtoto wa namna hiyo achore? Ni haki ikiwa ana hiari ya kukataa, na ikiwa anayemwomba hajifanyi mganga wa kusoma siri kwenye rangi. Jua jeusi kwenye mchoro linaweza kumaanisha huzuni, na linaweza kumaanisha kwamba mkaa ndio uliokuwa karibu. Mtu mzima aulize, "Nieleze hapa," kisha anyamaze. Utafiti wa Otago ulionyesha kwamba kuchora huwasaidia watoto kueleza hata yaliyowahuzunisha. Haukusema kwamba mchoro unaweza kueleza bila mtoto. Akieleza jambo linaloashiria kwamba anaumizwa, hapo kazi ya kuchora imekwisha na wajibu wa kumlinda umeanza.

Baada ya pingamizi zote hizo, kinachobaki ni utaratibu. Mzazi asisahihishe, asishike penseli ya mtoto, na asisifu uzuri kabla ya kuuliza habari. Asitoe alama, kwa sababu mtoto akijua anapimwa atachora nyumba ile ile ya pembetatu na mraba ambayo amezoea kupatia vema. Mwalimu naye, wiki ya kwanza ya muhula, atenge kipindi kimoja cha Sanaa na Michezo, abandike karatasi za darasa lake ukutani kwa kufuata mwelekeo wa njia: waliokuja kutoka Kilolo na Ilula upande mmoja, wa Mafinga na Makambako katikati, wa Mbarali, Uyole, Kyela na Tunduma upande mwingine, na njia za shambani zikining'inia kutoka kwenye barabara kuu mahali pake. Darasa litakuwa limejitengenezea ramani ya Nyanda za Juu Kusini, yenye mapengo na yenye kubishaniwa, na mapengo hayo yatampa mwalimu mada za muhula mzima.

Ugumu wa kweli wa jambo hili hauko kwenye karatasi wala kwenye rangi. Uko kwenye nusu saa ya mtu mzima, ambayo katika nyumba nyingi ni adimu kuliko fedha ya twisheni. Mtoto anaweza kuchora peke yake, lakini tulichokiona katika ile mito miwili ni kwamba mchoro huzaa somo pale tu mtu anapouliza swali linalofuata. Familia zinazojibana miezi kadhaa ili kupata nauli ya Desemba zinajua thamani ya safari kuliko mwandishi yeyote. Ziongeze nusu saa hiyo juu ya nauli, ndipo safari iwe imelipiwa kikamilifu.